Mafuta ya Mbuzi kwenye Cheni ya Raba

Mwanangu alipoleta ile mashine nyumbani kwetu Lodwar, jambo la kwanza alilonikataza ni kumwaga maji ya sufuria karibu nayo. Nikamuuliza kama ameleta mashine au ameleta mkwe.

Akacheka, lakini neno lake hakulirudisha. "Maji ya sufuria yana mafuta, mama. Raba na mafuta haviendi pamoja."

Basi nikawa namwaga maji yangu upande wa pili wa boma, nikinung'unika. Ilikuwa eskaveta ndogo, rangi ya manjano iliyofifia, imefanya kazi Nairobi mpaka wenyewe wakaichoka. Haikuwa na magurudumu ya kawaida. Ilitembea juu ya cheni mbili za raba nyeusi, nene, na ndani ya raba mna nyaya za chuma ambazo huzioni mpaka siku raba ikichanika. Watu wa jirani walikuja kuitazama kama wanavyokuja kutazama ngamia mgeni. Walipiga piga chuma, wakachungulia mkono wake mrefu, wakasifu kijiko cha kuchimbia. Raba hakuna aliyeitazama. Mwanangu naye alikuwa hatazami kitu kingine.

"Injini nitaitengeneza hapa hapa," aliniambia. "Chuma kikivunjika nitachomelea. Lakini hizi cheni zikiisha, mimi na wewe tunarudi kuuza makaa."

"Wewe ndiye utauza. Mimi nimeshauza ya kutosha."

Nikamuuliza zinakaa muda gani. Akasema cheni za raba hazihesabiwi kwa miaka. Kuna saa ndani ya mashine inayohesabu kazi tu. Ukizima, nayo inalala. Mahali penye udongo laini, mtu mwangalifu anapata masaa elfu moja na zaidi. Kwetu, kwenye mawe haya ambayo hata mbuzi huchagua pa kukanyaga, na jua hili, alisema atashukuru kwa chochote atakachopata. Na hizo zilikuja zimeshatumika. Nani ajue zilikuwa zimebakiwa na nini.

Mimi sikusoma. Kusoma nilijifunza uzeeni, kwenye madarasa ya gumbaru kanisani, na mkono wangu bado unakwenda polepole. Lakini mtu aliyefuga anajua kuangalia kitu kinachoishi kwa miguu yake, na nilimwona mwanangu akiitunza ile mashine nikaridhika. Jioni akitoka kuchimba mitaro au mashimo ya vyoo mjini, hakuketi kabla hajachokoa mawe yote kwa kipande cha chuma. Jiwe likibaki kati ya raba na lile gurudumu lenye meno linaloivuta, kesho yake linaitoboa raba kutoka ndani. Maji yanaingia, nyaya zinashika kutu, na hapo cheni imekwisha hata kama kwa nje inapendeza. Asubuhi aliinua mashine kwa ule mkono wake mrefu wa kuchimbia, upande mmoja ukaning'inia hewani, akaangalia raba inavyolegea chini. Nafasi ya kidole, sawa. Nafasi ya ngumi, itavuka meno na kutoka. Isipolegea hata kidogo, itajikata yenyewe. Ikilegea alichukua bomba lake la grisi, akasukuma grisi kwenye tundu dogo ubavuni, na grisi ile ikalisukuma gurudumu la mbele ndani kwa ndani mpaka cheni ikakaza. Grisi haigusi raba. Ikidondoka, anaifuta kwa kitambaa.

Hakugeuza mashine papo hapo kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu. Alikwenda mbele kidogo, akarudi kidogo, mpaka imegeuka. Kuvuka lami alitandika mbao, na safari ndefu ilikuwa ya lori. Kivuli cha kuiegeshea nilijenga mimi kwa makuti ya mkoma, na chini tukaweka mbao ili isilale juu ya mchanga wa moto. Nilisema mimi mwenyewe sijawahi kulazwa vizuri namna hiyo.

Sasa nimtaje mtu ambaye habari hii ni yake.

Mume wetu, ambaye alishakufa, alikuwa na wake wawili. Mimi nilikuwa wa pili. Nilipoingia kwenye boma lile nilikuwa msichana nisiyejua hata kufunga mbuzi, na mke mkubwa akaniita bibi arusi. Akaendelea kuniita hivyo mpaka mimi mwenyewe nina wajukuu. "Bibi arusi, chai iko wapi? Bibi arusi, magoti yako yanalia kama mlango." Yeye watoto wake hawakuishi. Huyu mwanangu nilimzaa mimi, lakini nilipougua baada ya kumzaa, maziwa yakakauka, ni yeye aliyemlea kwa maziwa ya mbuzi wake, na hata nilipopona mtoto alikuwa ameshachagua mgongo wa kulalia. Sikugombana juu ya jambo hilo. Alimwita mama mkubwa, na mimi mama, na akitaka kitu alianza kwa mama mkubwa.

Mimi nilihamia Lodwar. Yeye alikataa mji. Alikaa na mbuzi wake nje ya barabara ya Kalokol, ng'ambo ya laga, mto wa mchanga ambao una maji siku mbili tatu kwa mwaka. Siku nyingine maji yako chini ya mchanga, na ukitaka kuyapata unachimba kwa mikono na kopo, unaingia shimoni, unangoja yajikusanye. Kila kiangazi shimo lilikuwa refu zaidi, na yeye alikuwa mzee zaidi. Mwisho alikuwa anaingia kichwa mbele, nusu ya mwili, na mwanamke wa jirani anamshika miguu.

Alipokuja kuona mashine, mwanangu alimwambia mbele yetu sote: "Mama mkubwa, nikitoka kazi ya Kakuma, kabla ya mvua, nakuja kukuchimbia silanga, bwawa lako mwenyewe. Mvua ikinyesha maji yatasimama mlangoni kwako."

"Mvua ya mwaka huu au mvua ya mwaka wa wajukuu?"

"Ya mwaka huu."

"Nimesikia. Na bibi arusi amesikia, asije akasema nilikuwa naota."

Akakitemea mate kile kijiko cha kuchimbia, kidogo tu, kama anavyobariki mtoto. Na wakati huo mwanangu alikuwa ameshika bomba lake, anasukuma grisi ubavuni mwa mashine. Mke mkubwa akasimama hapo akatazama, hakuuliza kitu. Nimeufikiria sana ule mtazamo wake.

Kazi ya Kakuma ilikuwa ya mitaro ya mabomba ya maji, pembeni mwa kambi. Hiyo ndiyo ingelipa cheni mpya na lori la kupeleka mashine kwa mke mkubwa, ndiyo maana ilitangulia. Binti yangu anaishi Kakuma na alikuwa amejifungua, kwa hivyo mwanangu alipokwenda kukagua njia ya mtaro, mimi nilifuatana naye nikaoshe mtoto. Mashine ilibaki Lodwar ikingoja lori. Tukamwomba mke mkubwa aje kutulindia boma.

Tuliporudi alitupokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Ejok, bibi arusi! Umenenepa. Kakuma kuna nini, wanakulisha wewe au mzazi?"

"Wanamlisha mzazi, mimi namsaidia kumaliza."

"Haya, njooni muone. Njoo, mwanangu, uone mtu anayejua kutunza kitu."

Mashine ilikuwa pale chini ya makuti. Cheni zake ziling'aa. Nilisikia harufu kabla sijafika, harufu ya mafuta ya mbuzi yaliyopata jua. Mwanangu alichuchumaa akapitisha kidole juu ya raba, akakitazama kidole.

"Nani amepaka?"

"Kwani ni nani mwingine alikuwa hapa? Jogoo?" Alifurahi sana. "Ilikuwa imekauka, imejaa nyufa. Nilimwonea huruma huyu mnyama wako. Kila jioni nikampaka. Siku za kwanza alikunywa yote, asubuhi namkuta mkavu. Sasa ameshiba."

"Mama mkubwa, ni nani alikwambia…"

"Macho yangu. Si nilikuona wewe na bomba lako, unampa mafuta ubavuni? Nikasema, huyu mtoto anampa kidogo kama dawa ya macho. Na ngozi nimepaka tangu sijaolewa. Sketi ya mama yangu ilivaliwa na mimi na ikavaliwa na dada zangu, kwa sababu ya mafuta. Ati raba si ngozi? Tazama hapa."

Akainua mguu. Alikuwa amevaa akala, viatu vya kukatwa kutoka tairi la lori. "Hivi nilivaa siku tunamzika baba yako. Kila kiangazi navipaka. Kuna ufa? Niambie kama unaona ufa."

Mwanangu akavitazama vile viatu. Kweli havikuwa na ufa.

"Asante, mama mkubwa," akasema.

Kesho yake mke mkubwa alipanda lori la samaki lililokuwa linarudi tupu Kalokol, limshushe njiani. Lilipopotea tu, mwanangu akachukua ndoo na sabuni ya unga, akaanza kusugua. Alisugua kwa brashi, kwa majivu, kwa kitambaa. Mafuta ya juu yalitoka. Yaliyoingia kwenye nyufa hayakutoka, na mchanga uliokuwa umenata humo ulikuwa kama msasa.

"Mama," aliniambia bila kuinua kichwa, "hili lisifike kwake."

"Ni mtu mzima. Mwambie."

"Atakufa na aibu."

"Hapa watu wanakufa na kiu. Sijaona wa aibu."

"Mama, nakuomba."

Alikuwa mtoto wa mke mkubwa pia, na mashine ilikuwa yake mwenyewe. Nikanyamaza. Watu wananijua, mimi si mtu wa kufungwa mdomo. Nilinyamaza kwa sababu aliyeniomba aliniomba kwa upendo, na mtu akikuomba hivyo unaona huna haki ya kukataa.

Lori likaja, mashine ikaenda Kakuma, nami nikaenda tena kwa binti yangu. Mchana nilimpelekea mwanangu chakula pale mtaroni. Siku za mwanzo ilifanya kazi, ila kwa shida. Raba ilikuwa imelainika juu juu, na vile vipande vyake vinavyoshika ardhi vilianza kumeguka kama ugali uliolala. Kisha ikaanza kuteleza. Lile gurudumu lenye meno linazunguka, cheni inaruka, mashine inatikisika kama mtu mwenye kwikwi. Mwanangu akashuka, akachukua bomba, akakaza. Ikaruka tena. Akakaza tena.

"Umebakiza nafasi ya kidole?" nikamuuliza. Maneno yake mwenyewe.

"Nikibakiza inaruka."

Akaendelea. Msimamizi wa mtaro alikuwa anapita pita akitazama saa. Kwenye kona moja yenye mawe, mahali ambapo hakuna nafasi ya kwenda mbele na kurudi, mwanangu aliigeuza mashine papo hapo. Nikasikia mlio, mkavu, kama mtu amepasua ubao kwa goti. Cheni ya kushoto ilikuwa imelala chini, imenyooka kama nyoka aliyepigwa, na nyaya zimetoka nje.

Pale Kakuma kuna mzee mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayeuza spea. Ni mtu wa kanisa sana, Jumapili hafungui duka hata ukimlilia mlangoni. Hiyo haikuwa Jumapili. Alikuja kwa miguu, akainama juu ya cheni, akaishika, akanusa vidole vyake.

"Ya mama," akaniambia mimi, "nani amepika nyama hapa?"

Wachimbaji wakacheka. Mwanangu hakucheka.

Mzee akaikagua polepole. Akatupeleka kwenye lile gurudumu lenye meno, akapitisha kidole gumba juu yake. "Angalia. Hii meno ilikuwa mviringo, sasa iko kali kama ya mamba. Hii inakula cheni. Ukileta mpya ukaweka hapa, hii itakula pia hiyo."

"Kwa hivyo si mafuta?" mwanangu akauliza.

"Mafuta mbaya. Lakini cheni ilikuwa mzee, na meno mbaya, na mawe mbaya, na wewe umekaza sana." Akahesabu kwa vidole, halafu akainua mabega. "Nani ameua? Wote mlisaidiana. Malesh, mwanangu, pole."

Nilimtazama mwanangu. Nilifikiri sasa atapumua, kwa sababu kosa limegawanywa, na la mama mkubwa limebaki dogo. Hakupumua. Mtu akishabeba siri hatazami tena uzito wake.

Cheni mpya zilitakiwa mbili kwa pamoja. Moja mpya na moja kuukuu zinaivuta mashine upande. Na gurudumu la meno pia. Zilikuwa hazipo Kakuma wala Lodwar. Mzee akasema ataagiza, zikija zimekuja. Mwenye mtaro hakungoja, alileta mashine nyingine. Ile yetu ikapandishwa lori kwa winchi, ikarudi Lodwar, ikakalishwa juu ya mbao bila miguu, na mwanangu akaifunika turubai mpaka chini.

Mke mkubwa alituma salamu kwa wapakiaji wa samaki. "Muulizeni mwanangu kama kazi ya Kakuma imeisha."

"Mwambieni bado kidogo," mwanangu akajibu.

Akatuma tena. Safari hiyo mwanangu hakuwepo, alikuwa ameenda kubeba mawe ya ujenzi kwa mikono yake. Nilijibu mimi. Nikasema bado kidogo.

Lakini barabara ya Kalokol ina watu wenye macho. Mmoja alikuwa ameiona mashine ikirudi juu ya lori. Mwingine alikuja Lodwar akaiona bomani kwetu, chini ya kivuli, imefunikwa vizuri. Wakamwambia mke mkubwa: mashine ya mwanao imerudi zamani, imepumzika tu.

Mvua ikaja vile inavyokuja kwetu, mara moja, kwa hasira. Laga ya kwake ikajaa ukingo hadi ukingo, ikapiga kelele usiku kucha, na asubuhi ilikuwa inashuka. Maji yale yote yalipita mbele ya mlango wake yakaenda zake. Baada ya hapo mbingu zikafunga.

Alikuja Lodwar kiangazi kimeshakolea, mchana, kwa miguu kutoka kituo cha malori. Alikuwa na kibuyu kimoja na kifurushi. Hakuniita bibi arusi. Aliniinamishia kichwa tu, kama unavyomsalimu mtu mliyekutana dukani, akaketi juani, nje ya kivuli cha mashine.

"Ingia kivulini," nikamwambia.

"Hapa panatosha. Nimekuja kuaga. Naenda Longech, ziwani, kwa kaka yangu."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi gani?"

Nikamtazama. Shingo yake ilikuwa imekonda, shanga zimelegea.

"Wale nilioweza kuwapa watu niliwapa," akasema. "Wengine walijiondokea wenyewe. Nyumba nimeivunja, fito nimempa jirani. Kule kwa kaka yangu kuna samaki, sitalala njaa."

"Ngoja mwanao arudi jioni."

"Mwanao," akasema. Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali. "Sina neno naye. Mtoto analijua tumbo lililomzaa. Mimi nilimpa maziwa ya mbuzi tu, na mbuzi wenyewe wameisha. Usimgombeze, amesahau, watu wanasahau."

Nilisimama. Magoti yangu yakalia kama mlango, na hakunitania. Nikaenda kwenye mashine, nikashika turubai nikaivuta mpaka ikaanguka yote. Mashine ikabaki uchi juu ya mbao, chuma kitupu pande mbili, na ile cheni iliyokatika imekunjwa pembeni.

"Njoo uone mtu aliyekusahau," nikamwambia.

Nikamweleza yote hapo hapo, tumesimama. Mafuta, sabuni, majivu, kuteleza, kukaza, mawe ya Kakuma, maneno ya yule mzee wa spea. Salamu za uongo tulizotuma. Yeye alichuchumaa akaingiza mkono mahali raba ilipochanika, akashika zile nyaya.

"Kwa hivyo ni mafuta yangu?"

"Na meno ya gurudumu, na mawe, na yeye kukaza sana. Lakini na mafuta yako."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mashine asianguke.

"Mimi! Nimeua mashine! Bibi arusi, mimi na mafuta ya mbuzi mmoja tumeua mashine ya wazungu! Na ilikuwa inakunywa! Nilikuwa namwambia kunywa, kunywa, mnyama wangu…"

Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, tulicheka kama wasichana. Kisha akaacha. Akajifuta macho kwa kiganja.

"Mlijua tangu siku ile tuliyokuwa hapa."

"Tulijua."

"Mkaona nitaumia."

"Yeye aliona hivyo."

"Mkaniacha na maumivu yale mengine." Alitazama chini, kwenye akala zake. "Mngeniambia ningecheka vile vile. Ningerudi kwangu nikachimba mchanga kwa mikono msimu mmoja tena. Nilikuwa nimezoea, nisingekufa. Lakini kuingia kwenye lile shimo kila asubuhi nikijua mtoto amenisahau, hapo mikono ilikataa."

Nikamshika mkono, nikamwingiza nyumbani.

Mwanangu aliporudi alimkuta bado yupo. Nilitoka nje nikawaachia nyumba. Walichosemezana sikijui na sikuuliza. Asubuhi alimsindikiza mpaka Longech mwenyewe, akamwomba arudi kwake, akamwambia cheni ziko njiani. Mke mkubwa akamjibu: chimba, lakini sina tena mbuzi wa kuleta wanywe.

Cheni zilikuja, mbili, na gurudumu la meno jipya. Mwanangu hakuchukua kazi nyingine. Aliipeleka mashine moja kwa moja ng'ambo ya ile laga, akachimba silanga mahali nyumba ya mke mkubwa ilipokuwa imesimama, ambapo palikuwa pamebaki mawe matatu ya jiko. Aligeuka polepole, mbele kidogo, nyuma kidogo. Nilikuwepo. Ile cheni iliyokatika na mwenzake alizilaza kwenye mdomo wa silanga, ili kwato zisibomoe ukingo.

Mke mkubwa aliletwa kuona. Lilikuwa shimo kavu bado, pana, safi, lina harufu ya udongo. Alishuka mpaka chini akasimama katikati, mdogo kuliko nilivyomjua. Alipopanda akapita karibu na mashine na cheni zake mpya, akaweka mikono nyuma ya mgongo.

"Sigusi!" akapiga kelele. "Bibi arusi, shuhudia, sijagusa!"

Tulimwambia akae, tutamtafutia mbuzi wawili watatu wa kuanzia. Alisema mbuzi wanataka mtu wa kukimbia nyuma yao, na yeye sasa anakimbia akiwa ameketi. Mvua ikijaza, tumwite aje atazame. Akarudi Longech.

Kifua kilimshika kabla ya mvua. Tulifika tumechelewa, alikuwa ameshazikwa kwenye mchanga wa kule, na kaka yake akatukabidhi zile akala. Mwanangu alizibeba mapajani njia yote mpaka Lodwar. Ziko kwangu. Hazina ufa mpaka leo, na mimi sina jibu la jambo hilo.

Silanga ilijaa mvua iliyofuata. Nilikwenda kuona. Mbuzi wa watu walikuwa wamejipanga wanakanyaga zile cheni kuukuu, wananywa, na msichana mmoja mchungaji akaniuliza ni ya nani, nikamwambia ni ya mke mkubwa wa kwetu. Akauliza yuko wapi amshukuru. Nikachota kwa kopo nikanywa. Maji yalikuwa na tope, lakini yalikuwa matamu. Maji ya ziwa kule Longech yana chumvi, yanakausha mdomo. Ndiyo aliyokunywa mke mkubwa mpaka mwisho.